Samaki ni Halali. Je, Sahani Nayo? Msafiri Muislamu katika Mkahawa wa Sushi

Kwamba samaki wa bahari ni halali, Waislamu wa mwambao hawahitaji kufundishwa. Aya ya 96 ya Suratul Maida imehalalisha mavuo ya bahari, na Mtume (S.A.W.) alipoulizwa kuhusu maji ya bahari alibainisha twahara yake na uhalali wa maiti yake. Kwa hiyo kijana wetu anapopata nafasi ya masomo Japani, au mfanyabiashara anapokwenda huko kununua magari, jamaa zake hujifariji kwa neno moja: huko wanakula samaki, hatapata taabu. Faraja hiyo ina ukweli, lakini ukweli wake haujatimia.

Sushi si jina la samaki mbichi, kama wengi wanavyodhani. Ni jina la chakula cha wali uliotiwa siki, sukari na chumvi, ukafinyangwa na kuwekewa juu kipande cha jodari, kamba, pweza au ngisi, au ukaviringishwa kwa mwani mkavu. Samaki mbichi aliyeandaliwa bila wali huitwa sashimi. Msafiri wa kipato cha wastani aghalabu ataingia mkahawa wa mkanda unaozunguka, utaratibu ulioanzishwa na Shiraishi Yoshiaki huko Higashi-Osaka mwaka 1958. Sahani hupita mbele ya mlaji, naye huchukua aipendayo. Rangi ya sahani huonyesha bei, na mwishoni sahani tupu huhesabiwa. Chai ya kijani kwa kawaida haina malipo, wala hapana desturi ya kutoa bakshishi.

Shaka basi haimo katika samaki, bali katika vile vidogo vinavyomzunguka. Wapishi wa Kijapani hutumia sana mirini, kiungo kitamu cha majimaji kitokanacho na mchele, ambacho kile cha asili kina kileo cha kiasi cha asilimia 14. Mkunga wa kuchoma hupakwa mchuzi wenye mirini. Yai la kukunja mara nyingi hutiwa. Na wapo wanaoichanganya hata katika siki ya wali au achari ya tangawizi. Mchuzi wa soya nao huzalisha kileo kidogo unapochachuka, na baadhi ya viwanda huongeza kileo ili usiharibike. Zaidi ya hayo, mkanda uleule huweza kupitisha sahani ya nyama ya nguruwe, na kisu kikawa kimoja.

Wanazuoni hawakuyaweka mambo haya yote katika daraja moja. Siki iliyogeuka yenyewe kutoka katika mvinyo ni twahara. Iliyogeuzwa kwa kutiwa kitu, wanazuoni wa Kishafii hawaikubali, na wengine wameiruhusu. Kuhusu kileo kidogo kinachozaliwa katika mchuzi wa soya, wanazuoni wa zama hizi wamehitilafiana. Pweza na ngisi, ambao kwa Mshafii hawana tatizo, kwa Mhanafi hawaliwi. Kwa hiyo msafiri asimkemee mwenzake mezani kabla ya kujua madhehebu yake. Lakini mirini au pombe iliyotiwa chakulani kwa makusudi si mahali pa kutafutia rukhsa.

Tulipokuwa safarini Osaka, tuliingia mkahawa wa namna hiyo pamoja na mwenzetu mmoja. Yeye alitusihi tusiulize, tusije tukawaaibisha wenyeji. Tuliuliza kwa karatasi iliyoandikwa Kijapani, nasi tukaiinamia shingo kwa heshima kama wafanyavyo wao. Mhudumu aliipeleka jikoni. Mpishi akatoka na chupa ya siki mkononi, akatuonyesha maandishi yake, kisha akaashiria picha za mkunga na yai na kutikisa kichwa. Wali ulikuwa na siki ya mchele, sukari na chumvi tu. Tukala jodari, kamba na pweza kwa chumvi na limau, tukauacha mchuzi wa mezani. Hakuna aliyeaibika. Mpishi alionekana mwenye furaha kwamba kazi yake imeulizwa.

Wapo watakaosema kwamba kuuliza sana ni kujikalifisha, na watatukumbusha kisa cha ng'ombe wa Bani Israil. Hoja hiyo ina mahali pake. Asili ya vitu ni uhalali, na hatukuamrishwa kupekua kila jiko. Bali Bani Israil waliuliza baada ya amri kubainika, ili kuikwepa. Msafiri huuliza kwa sababu desturi ya jiko lile inajulikana. Swali moja lenye adabu latosha, na jibu la mwenye jiko hupokelewa bila kumdhania uongo.

Tunawausia basi wanaosafiri: andikeni swali lenu kwa Kijapani kabla ya kuondoka, mkitaja nguruwe, pombe na mirini. Jihadharini na neno "sake", kwa kuwa laweza kumaanisha pombe na pia samaki wa salmoni. Aliyelitamka peke yake aweza kunyimwa samaki wa halali. Wajawazito na watoto wadogo waachiwe vilivyopikwa, maana samaki mbichi huweza kubeba vimelea. Msichukue sahani msizoweza kuzimaliza. Na ikiwa vijiti vinawashinda, kuleni kwa mkono: Wajapani wenyewe hawaoni aibu kula sushi kwa mkono, nasi tuna sunna ya mkono wa kulia baada ya Bismillahi.

Jibu likikosekana, yapo makimbilio. Msikiti wa Kobe umesimama tangu mwaka 1935, na Tokyo Camii ulifunguliwa upya mwaka 2000. Nendeni huko kuswali, na baada ya swala waulizeni wenyeji wapi wanakula.

Wazazi, mnapofunga sanduku la mwanenu msitosheke kumwambia kwamba samaki ni halali. Mfundisheni kuuliza bila woga na bila kiburi, kwani huko mezani hatakuwa na baba wala mama wa kumtazama; atakuwa na Mola wake tu. Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.