Mbwa wako amezeeka au anaumwa? Picha za simu na matembezi ya kila siku vinaweza kukuonyesha

Mbwa hazeeki kwa siku moja. Mwaka jana alikuwa wa kwanza kufika shambani, mwaka huu anakuja nyuma ya watoto. Zamani pikipiki ikisikika mbali alikuwa ameshasimama, sasa inapita karibu naye bado amelala. Mabadiliko haya huja kidogo kidogo, na kwa sababu tunamwona mbwa kila siku, macho yetu huyazoea. Tunapokuja kushtuka, mara nyingi ameshakonda au mguu umeshaharibika.

Wasikilizaji wetu wengi wana simu yenye kamera. Wengi pia hutembea na mbwa kila siku bila kuyaita matembezi: kwenda shambani, malishoni au kisimani. Katika makala hii tunaeleza jinsi picha na safari hizo za kawaida zinavyoweza kukusaidia kujua kama mbwa wako ana uzee tu, ana maumivu yanayoweza kutulizwa, au ana ugonjwa wa hatari kwa familia nzima.

Mbwa huhesabiwa mzee lini?

Mbwa wengi huanza kuonyesha uzee wakifika miaka 7 au 8. Wenye miili mikubwa huzeeka mapema zaidi, wadogo huchelewa. Mvi hutokea mdomoni na kuzunguka macho. Usikivu hupungua. Viungo hukakamaa, hasa asubuhi za baridi, kwa sababu gegedu linalokinga ncha za mifupa limelika.

Pua hudumu kuliko macho na masikio. Ndiyo maana mbwa mzee husimama kila kichaka kunusa. Usimvute. Kwake yeye kunusa ndiko kujua nani amepita na mnyama gani yuko karibu.

Picha moja kila mwezi

Kupiga picha hakuhitaji bando wala intaneti, na simu huhifadhi tarehe yenyewe. Chagua siku moja ya mwezi, kwa mfano tarehe 1, umpige mahali palepale. Picha tatu zinatosha: ya ubavuni akiwa amesimama, ya kutoka juu ya mgongo, na ya uso kwa karibu.

Piga asubuhi au jioni, jua likiwa nyuma yako. Chuchumaa simu iwe usawa wa macho yake, kwani ukipiga umesimama miguu huonekana mifupi na umbo hupotea. Mbwa mweusi hutoka kama kivuli, hivyo gusa uso wake kwenye kioo cha simu ili kamera iongeze mwanga hapo. Zima taa ya kamera. Nyuma ya jicho la mbwa kuna utando unaorudisha mwanga ili aone gizani, na taa ikimpiga macho hung'aa hata usiweze kuyachunguza. Mwache anuse simu kwanza, hatashtuka.

Baada ya miezi mitatu, weka picha ya kwanza na ya mwisho pamoja. Je, mbavu na nyonga zimetokeza? Je, mapaja ya nyuma yamesinyaa? Je, tumbo limevimba huku mgongo ukikonda? Dalili ya mvua ni mawingu, na mawingu haya ungeyakosa kwa macho tu.

Kwenye uso, tazama mboni. Ukungu mwepesi wa rangi ya buluu huwapata mbwa wengi wazee, nao huendelea kuona. Weupe mzito kama maziwa ni mtoto wa jicho. Jicho jekundu, linalotoa machozi au linalofumbwa lina maumivu, na hilo halisubiri.

Njia ya shambani ni kipimo

Umwombe mtoto atembee na mbwa taratibu, nawe urekodi video fupi kutoka ubavuni na kutoka nyuma. Mguu wa mbele ukiuma, mbwa huinua kichwa kila mguu huo unapokanyaga. Ukiuma wa nyuma, nyonga ya upande mmoja hupanda na kushuka kuliko nyingine. Daktari wa mifugo akiwa mbali, video ya namna hii humweleza mengi kuliko maneno "mbwa anachechemea".

Safari yenyewe usiifute, ipunguze. Mbwa anayelala siku nzima viungo hukakamaa zaidi. Safari mbili fupi, asubuhi na jioni, zinamfaa kuliko moja ndefu. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi, hupoza mwili kwa kuhema, kwa hiyo jua la saa saba linaweza kumwangusha. Weka mgongo wa mkono wako ardhini. Usipoweza kuuacha hapo, nyayo zake nazo haziwezi.

Karibu na barabara mfunge kamba, maana asiyesikia vizuri hugongwa kwa urahisi na bodaboda. Kamba ni heshima kwa jirani pia. Wapo wanaoogopa mbwa, na wapo ambao kwa imani yao mate ya mbwa ni najisi na huwalazimu kuosha nguo kabla ya kuswali.

Watoto nao wafundishwe kutomgusa akiwa amelala. Mbwa kiziwi akiguswa ghafla anaweza kuuma kabla hajajua ni nani. Wasimame mbali kidogo na kukanyaga chini kwa kishindo, atausikia mtikisiko.

Usimpe dawa za watu

Mbwa anapochechemea, wengi hufungua mfuko wa dawa za nyumbani. Hapa tunasisitiza: ibuprofeni na diklofenaki zinaweza kumtoboa mbwa tumbo na kuua figo zake. Parasetamoli huweza kuharibu ini na damu. Dawa za maumivu ya viungo vya mbwa zipo, na daktari wa mifugo ndiye anayejua kipimo chake.

Nyumbani unaweza kumsaidia bila gharama. Mlaze juu ya gunia lililojazwa majani makavu, mbali na sakafu yenye unyevu. Kata kucha zilizojikunja. Mtoe kupe kila mnarudi kutoka malishoni, na mwekee maji karibu.

Mwite mtaalamu ukiona anakunywa maji na kukojoa kuliko zamani, anakonda ingawa anakula, au anapumua haraka akiwa amelala. Hesabu pumzi kwa saa ya simu: mbwa aliyetulia usingizini huwa na pumzi chini ya 30 kwa dakika.

Jambo ambalo si uzee

Uzee huja polepole. Mbwa akibadilika ndani ya siku moja au mbili, usiseme "ni mzee huyo". Kupepesuka, kutokwa na mate mengi, taya kulegea, kushindwa kumeza, mlio kubadilika, ukali wa ghafla au upole usio wa kawaida vinaweza kuwa kichaa cha mbwa. Hapo weka simu mfukoni. Usimsogelee kumpiga picha na usitie mkono mdomoni ukidhani amekwamwa na mfupa. Waondoe watoto na mifugo, kisha mpigie afisa mifugo.

Karibu vifo vyote vya binadamu vitokanavyo na ugonjwa huu husababishwa na mbwa, na dalili zikishaanza kwa mtu kupona ni nadra mno. Aliyeumwa au kukwaruzwa, au ambaye mate yameingia kwenye kidonda chake, aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo. Asisubiri kuona mbwa atakuwaje.

Mbwa mzee naye huchanjwa. Wengine huacha wakidhani umri wake umekwisha, lakini yeye ndiye anayelala mlangoni na kuchezewa na wajukuu. Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na sehemu nyingi hufanya kampeni za chanjo karibu na siku hiyo. Muulize afisa mifugo wa kata yako, na ukimaliza piga picha kadi ya chanjo uihifadhi pamoja na picha zake nyingine. Kadi ya karatasi huliwa na mchwa au kulowa mvua. Ile ya kwenye simu utaionyesha papo hapo jirani akija kulalamika kwamba mbwa wako amemuuma mtoto, ingawa mtoto huyo bado ataoshwa kidonda na kupelekwa kituo cha afya.