Taji na Cheti cha Ndoa: Uamuzi katika Mashindano ya Urembo ya Wanawake Walioolewa

Utangulizi

Lugha nyingi za Kenya hazimwiti msichana na mwanamke aliyeolewa kwa jina moja. Mjini Mutomo, kusini mwa Kaunti ya Kitui, Mkamba humwita wa kwanza mwiitu na wa pili kiveti. Kiswahili nacho kina kigori, mke, mtalaka na mjane. Majina haya hayaelezi sura ya mtu, bali yanaeleza hadhi yake mbele ya jamii. Mashindano ya urembo ya wanawake walioolewa yamejengwa juu ya hadhi hiyo. Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi uamuzi unavyofanywa katika mashindano ya aina hii, na kuonyesha kwamba uamuzi wenyewe ni wa namna mbili. Kuna uamuzi wa alama, ambao hufanywa jukwaani hadhira ikitazama, na kuna uamuzi wa hadhi, ambao unapaswa kukamilika kabla ya mshiriki yeyote kupanda jukwaani. Huu wa pili ukipuuzwa, ule wa kwanza hauna pa kusimama.

Chimbuko la mashindano

Mashindano haya yana historia ndefu nchini Marekani. Katika miaka ya 1950, washiriki wa Mrs America walipimwa kwa kazi za nyumbani: kupika, kushona, kupiga pasi na kuandaa meza. Jaji wa wakati huo alikuwa akimpima mke kwa utumishi wake. Mwelekeo huo ulibadilika baadaye, na shindano la Mrs World lilipoanzishwa mwaka 1984, mkazo ulikuwa umehamia kwenye haiba, mavazi na ufasaha wa mshiriki. Mshindi wake wa kwanza, Rosy Senanayake, alitoka Sri Lanka. Kwa miaka mingi mashindano haya yalikuwa mlango wa pekee kwa wanawake waliofungiwa nje na mashindano ya wasichana. Kwa mfano, Miss Universe iliwakubalia wanawake walioolewa na wenye watoto kuanzia shindano la mwaka 2023 tu.

Uamuzi wa alama

Ijapokuwa kanuni hutofautiana kutoka shindano moja hadi jingine, vigezo vikuu huwa vitatu. Cha kwanza ni mahojiano ya faragha baina ya mshiriki na majaji. Hapa hupimwa uwezo wa kujieleza, ufahamu wa masuala ya jamii na utulivu wa fikra. Cha pili ni mavazi: vazi la jioni na, katika mashindano mengi ya kimataifa, vazi la kitaifa au la kiutamaduni. Jaji haangalii bei ya kitambaa, bali huangalia jinsi vazi linavyomkaa mvaaji na jinsi anavyolibeba katika mwendo wake. Cha tatu ni swali la jukwaani, ambalo mshiriki hulijibu papo hapo.

Vigezo hivi havina uzito sawa. Katika shindano la Mrs International, mahojiano pekee hubeba nusu ya alama zote. Mgao wa namna hii unaafiki hekima ya wahenga waliosema kuwa uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mtazamaji aliyekaa ukumbini huona mavazi na mwendo tu, ilhali sehemu kubwa ya alama imekwisha kutolewa faraghani. Ndiyo sababu hadhira mara nyingi hushangazwa na matokeo na kudhani kuwa pana upendeleo.

Aidha, namna ya kujumlisha alama inaweza kubadilisha mshindi. Tuchukulie mfano wa majaji watano wanaotoa alama kati ya 1 na 10. Mshiriki wa kwanza anapewa 8, 8, 8, 8 na 2, jumla 34. Mshiriki wa pili anapewa 7 na kila jaji, jumla 35. Mshiriki wa pili ndiye mshindi, ingawa majaji wanne kati ya watano walimpendelea wa kwanza. Jaji mmoja, kwa chuki au kwa uzembe, amewashinda wenzake wanne. Dawa inayotumiwa na baadhi ya waandaaji ni kuondoa alama ya juu kabisa na ya chini kabisa ya kila mshiriki. Hapo wa kwanza hubakiwa na 24 na wa pili 21, na sauti ya walio wengi husikika. Kwa sababu iyo hiyo inafaa kila jaji aandike alama zake peke yake bila kushauriana na mwenzake, na karatasi za alama zikabidhiwe mtu ambaye si jaji wala mwandaaji ili azijumlishe.

Uamuzi wa hadhi

Hata hivyo, hesabu ikiwa safi kiasi gani, haiwezi kujibu swali moja: mke ni nani? Uzito wa swali hili ulidhihirika jijini Colombo, Sri Lanka, mwezi Aprili mwaka 2021. Pushpika De Silva alikuwa ametangazwa mshindi wa Mrs Sri Lanka na kuvikwa taji. Muda mfupi baadaye Caroline Jurie, aliyekuwa akishikilia taji la Mrs World, alidai mbele ya hadhira kuwa mshindi alikuwa ameachika na hivyo hakustahili, akamvua taji lile na kumvika aliyekuwa wa pili. De Silva aliondoka jukwaani akilia na kujeruhiwa kichwani. Waandaaji walichunguza suala hilo, wakabainisha kuwa alikuwa ametengana na mumewe bila kupewa talaka, wakamrudishia taji lake. Jurie alitiwa mbaroni na kuachiliwa kwa dhamana, na hatimaye akaliachia taji la Mrs World.

Kisa hiki kinafunza mambo mawili. Mosi, alama za majaji hazikuwa na kasoro iliyolalamikiwa. Kilichozozaniwa ni mpaka baina ya kutengana na kuachika, mpaka ambao Kiswahili hukiweka bayana kwa neno talaka. Pili, swali lililopaswa kuulizwa ofisini wakati wa usajili liliulizwa jukwaani mbele ya kamera. Aliyeumizwa ni mshiriki, ambaye hakuwa amevunja kanuni yoyote.

Iwapo shindano lingefanyika Mutomo

Ikiwa shindano la namna hii lingeandaliwa Mutomo, waandaaji wangelazimika kulijibu swali hilo kwa uangalifu zaidi. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 inatambua ndoa za aina tano: ya Kikristo, ya kiserikali, ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu. Kanuni inayodai cheti cha kanisa pekee ingewatupa nje wanawake wengi ambao ndoa zao ni halali kisheria. Isitoshe, ndoa za kimila na za Kiislamu huweza kuwa za wake wengi. Je, wake wenza wawili wangeruhusiwa kushindana? Kisheria, wote wawili ni wake.

Katika mila za Wakamba, ndoa huthibitishwa kwa mbuzi wa ntheo, ambao upande wa mume huwapeleka kwa wazazi wa binti. Bila ntheo, wazee husita kumwita mwanamke mke wa mtu hata kama amezaa na kulea katika boma hilo. Mila hiyo pia iliijua ndoa ya iweto, ambapo mwanamke asiye na mwana wa kiume alimtolea mahari mwanamke mwingine ili amzalie watoto wa kuendeleza nyumba yake. Aliyeolewa kwa iweto alikuwa na boma, na watoto wake walikuwa na ukoo, ilhali Sheria ya Ndoa inaieleza ndoa kuwa muungano wa mwanamume na mwanamke. Wapo pia wanaoishi pamoja bila ntheo wala cheti. Kuhusu hao, Mahakama ya Juu ya Kenya ilieleza mwaka 2023 kuwa kuishi pamoja hakuchukuliwi kuwa ndoa kwa wepesi. Mjane naye anabaki mlangoni: je, kifo cha mume kimemwondolea hadhi aliyokuwa nayo?

Lugha yenyewe inaweza kuongeza utata. Neno mutumia kwa Mkikuyu ni mwanamke aliyeolewa, ilhali kwa Mkamba ni mwanamume mzee. Tangazo lililoandikwa bila kuangalia tofauti kama hizi lingewaita ukumbini watu wasiokusudiwa. Kwa hiyo mwenye taaluma ya lugha ana nafasi yake katika kamati ya maandalizi, sambamba na mbunifu wa mavazi na mhasibu. Kazi yake ni kufafanua maneno ya kanuni kabla ya fomu kuchapishwa: aliyeolewa ni nani, kwa ndoa ipi, kwa ushahidi upi, na aliyetengana, aliyeachika na aliyefiwa na mume wana nafasi gani.

Hitimisho

Imebainika kuwa haki katika mashindano haya haitegemei jicho la jaji pekee. Hutegemea uzito wa vigezo uliotangazwa mapema, hesabu isiyompa jaji mmoja nguvu ya wengi, na maana ya neno mke iliyokubaliwa kabla ya taa za jukwaa kuwashwa. Waandaaji wakiyatimiza haya, atakayeshindwa atajua kuwa ameshindwa kwa alama. Wasipoyatimiza, mwanamke anaweza kupanda jukwaani akiwa mke wa mtu na kushuka akiwa ameitwa mtalaka mbele ya watu, kwa kauli ya mtu asiye kadhi wala hakimu. Fedheha hiyo hairudi nyuma kwa kurudishiwa taji.