Mtoto Aliyetangulia Kusoma Asinyimwe Kitabu

Muhula uliopita binti yangu wa miaka sita alianza kujifanya hajui kusoma. Nyumbani alikuwa akisoma hadithi nzima bila kusaidiwa, na tukiabiri matatu hakuna bango lililompita. Lakini jioni moja nilipofungua daftari lake la Gredi ya kwanza, nilikuta ameandika silabi kwa makosa ambayo hata alipokuwa na miaka mitano hakuyafanya. Nilipomdadisi alinijibu kwa sauti ya chini: "Baba, nikimaliza mapema naambiwa niketi ninyamaze. Afadhali nisimalize."

Msomaji mpenzi, nimefundisha isimu chuoni kwa miaka mingi, na sijasikia hoja iliyonichoma moyo kuliko hiyo. Mtoto alikuwa amejifunza somo lisilomo katika mtaala wowote: kwamba kujua ni kosa, na dawa yake ni kuficha.

Hebu kwanza tuondoe dhana potovu. Mtoto asomaye Kiswahili kabla ya wenzake si lazima awe wa miujiza. Tahajia ya lugha yetu ina huruma kwa anayeanza. Irabu ni tano tu, kila moja hubaki na sauti yake popote iandikwapo, na silabi nyingi huishia kwa irabu. Aliyekwisha kupata ba, be, bi, bo, bu, akatambua kwamba konsonanti nyingine hufuata mkondo huohuo, ana ufunguo wa kutamka "kibaba" na hata "Kilimanjaro" kabla hajaonyeshwa neno lenyewe ubaoni. Kiingereza hakimpi dhamana hiyo, maana herufi nne zilezile, o-u-g-h, hutamkwa kwa namna kadha wa kadha. Ndiyo maana mtoto aweza kuwatangulia wenzake katika Kiswahili, ilhali katika Kiingereza wako sambamba.

Isitoshe, kutamka si kuelewa. Nakiri kwamba hapa ndipo nami nilipoteleza. Nilikwenda shuleni na ghadhabu ya mzazi na majivuno ya msomi, nikadai binti yangu arushwe hadi Gredi ya tatu. Mwalimu wa darasa alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akampa mtoto kipande cha gazeti kilichohusu mgogoro wa shamba. Alikisoma bila kukwama. "Sasa niambie, hao watu waligombania nini?" Mtoto akamtazama mwalimu, akanitazama mimi, akainamisha kichwa.

"Mzazi," mwalimu akasema kwa upole, "huyu ulimi wake ni wa Gredi ya tatu, lakini akinyang'anywa kifutio analia kama wenzake wa Gredi ya kwanza. Ukimrusha, atacheza na nani?"

Sikuwa na jibu. Hata hivyo, nami nilikuwa na swali: "Mwalimu, na asiporushwa, akae miezi mingapi akitazama ukuta?" Naye hakuwa na jibu. Ana watoto zaidi ya hamsini na ubao mmoja. Tulipotambua kwamba kila mmoja wetu alikuwa na haki katika lake, ndipo mazungumzo yalipoanza.

Tulikubaliana mambo matatu. Kwanza, amalizapo kazi achukue kitabu cha hadithi katika katoni ambayo sisi wazazi tungeijaza. Pili, asiulizwe amesoma kurasa ngapi, bali asimulie alichosoma: nani alifanya nini, wapi, na kwa nini. Tatu, katoni hiyo iwe ya darasa zima, si ya binti yangu. Siku hizi haandiki makosa ya kusudi. Juma lililopita mwenzake wa dawati moja alisoma ukurasa wake wa kwanza bila msaada, naye binti yangu akatusimulia habari hiyo mezani kana kwamba ushindi ulikuwa wake.

Kuna watakaosema kwamba mwalimu wa Kenya hana muda wa kumshughulikia mtoto mmoja mmoja. Ni kweli, ana mzigo mkubwa. Lakini mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini Januari 2019, ulikuja na ahadi ya kukuza uwezo wa kila mwanafunzi. Neno "kila" linamhusu anayechechemea, na linamhusu pia aliyetangulia. Mpango wa Tusome, ulioingia shuleni mwaka 2015, ulionyesha kwamba yawezekana mtoto wa madarasa ya chini kuwa na kitabu chake mwenyewe cha Kiswahili na cha Kiingereza. Tatizo ni kwamba kitabu kimoja cha kiada humwishia asomaye haraka kabla muhula haujafika katikati.

Wala linaloninyima usingizi si binti yangu. Yeye ana baba anayeujua mlango wa ofisi ya mwalimu mkuu, na anayezungumza humo bila woga. Je, mtoto wa muuza mboga aliyejifunza kusoma kwa vipande vya magazeti vinavyofungiwa maandazi? Mamake akiitwa shuleni na kuambiwa mwanawe ni mtukutu, ataomba radhi na kwenda zake. Nani atamwambia kwamba utukutu huo huenda ni njaa ya kitabu?

Kwa hivyo nasema: mzazi, nenda shuleni ukaulize kabla ya kudai, na usiombe mtoto arushwe darasa kabla hujaomba apewe cha kusoma. Mwalimu, anayesumbua wenzake baada ya kumaliza kazi, mjaribu kwa kitabu kabla hujamwita mtukutu. Nazo serikali za kaunti, ambazo Katiba ya mwaka 2010 ilizikabidhi jukumu la maktaba, zikumbuke kwamba maktaba ya mtoto wa miaka sita haiko mjini; iko katika pembe ya darasa lake.

Mtoto anayeficha anachokijua leo, kesho huenda akasahau alikokificha.