Je, Wajua? Umbo la Meza Liliwahi Kuchelewesha Mazungumzo ya Amani

Mwishoni mwa mwaka 1968, mjini Paris, wajumbe waliokusanyika kutafuta njia ya kumaliza Vita vya Vietnam walibishana kwa wiki nyingi juu ya meza ya kukalia. Vietnam Kaskazini ilitaka meza itakayoonyesha pande nne zilizo sawa, ili Vietcong, waasi wa Kusini walioungana nayo, watambuliwe kuwa upande unaojitegemea. Marekani na Vietnam Kusini zilishikilia kwamba pande ni mbili tu. Mwafaka ulipatikana Januari 16, 1969: meza kubwa ya duara, isiyo na bendera wala vibao vya majina, na kando yake meza mbili ndogo za mstatili, kila moja ikiachana na ile kubwa kwa sentimita 45. Kila upande ukaitafsiri ulivyotaka.

Hata ofisini umbo la meza ya mikutano lina uzito. Meza ndefu humpa ukuu anayekaa kichwani. Ya duara huwasawazisha wote, ila watu wakiwa wengi huwa pana mno na aliyeketi upande wa pili hasikiki.

Kila mjumbe apate sentimita 60 hadi 75 za ukingo wa meza, na nyuma ya viti ibaki nafasi ya kama mita moja ya kupita. Soketi ziwe karibu, nyaya zisitambae njiani. Chumba chenye vigae na kuta tupu hurudisha mwangwi. Hapo zulia na mapazia mazito yanaweza kusaidia kuliko spika za bei kubwa. Pima chumba, pima na mlango, ndipo umlipe fundi wa meza.