Nusu Siku Katika Visiwa vya Ziwa Nyasa

Nchi yetu ina mito miwili iitwayo Songwe. Mmoja huteremka kwenda Ziwa Rukwa. Wa pili huingia Ziwa Nyasa, nao ndio mpaka wa Tanzania na Malawi. Tukiyafuata kwa mawazo maji ya mto huo wa pili, kisha tukaenda kusini hata karibu na mwisho wa ziwa, twafika rasi iitwayo Cape Maclear. Hapo watu wa mataifa mengi huja kutembea kwa mashua kutoka kisiwa hata kisiwa, na safari yao huchukua nusu siku tu.

Jina la rasi hiyo lilitolewa na David Livingstone mwaka 1861, kwa heshima ya Thomas Maclear, mtaalamu wa nyota aliyekuwa Cape Town. Mwaka 1875 wamisionari wa Scotland walifika hapo kwa meli ndogo ya moshi, jina lake Ilala. Meli hiyo ilikuwa imefunguliwa vipande vipande, na mamia ya wapagazi walivichukua vipande hivyo kupita maporomoko ya mto Shire. Mwaka uliofuata walikuja Waafrika wanne kutoka chuo cha Lovedale, Afrika ya Kusini. Mmoja wao, mwalimu Shadrach Ngunana, alifariki huko mwaka 1877. Homa iliwaua wengine pia, hata mwaka 1881 misioni ikahamia Bandawe. Makaburi ya watu wale yangaliko chini ya kilima, nao wasafiri huenda kuyatazama kabla ya kuingia mashuani.

Safari huanza baada ya adhuhuri katika kijiji cha Chembe. Mashua huelekea kisiwa cha Thumbi Magharibi, ambacho kiko karibu, au kisiwa cha Domwe, au huenda mbali zaidi mpaka Mumbo. Visiwa hivi ni vilima vya mawe makubwa ya mviringo, yaliyopangana mpaka ndani ya maji. Juu ya mawe kenge huota jua, na mnandi hukaa wakikausha mabawa yao. Mabaharia huwasha moto, wakachoma samaki, nao wageni hula wali kivulini.

Kisha mtu huvaa miwani ya maji na bomba la kupumulia, akalala kifudifudi juu ya maji. Mara huona ulimwengu mwingine. Samaki wadogo waitwao mbuna humzunguka, wa buluu, wa manjano, na wenye milia myeusi, wakikwangua majani laini ya kijani yaotayo juu ya mawe. Mama zao wana desturi ya ajabu. Hutaga mayai, kisha huyachukua kinywani na kuyalea humo muda wa majuma matatu hivi, hata watoto waweze kuogelea wenyewe.

Samaki wa Ziwa Nyasa ni wa namna mamia mengi, na karibu wote hawapatikani mahali pengine po pote duniani. Mbuna hawapendi kuyaacha mawe yao na kuvuka mchanga ulio wazi. Kwa hiyo mwamba mmoja huweza kuwa na samaki wasioonekana katika mwamba wa jirani. Kwa sababu hiyo serikali ya Malawi ilifanya hifadhi ya taifa hapo mwaka 1980, nayo ikaandikwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1984. Ndani ya hifadhi, maji ya kando ya pwani, upana wa mita 100, yamekatazwa kuvuliwa.

Jua likikaribia kuchwa, mashua husimama karibu na miti mirefu. Baharia hupiga mluzi na kutupa samaki majini. Furukombe, mwenye kichwa cheupe, huruka kutoka tawini, akashuka kama jiwe, akamnyakua samaki kwa makucha bila kulowesha mabawa. Pengine fisi-maji nao hutoka mawindoni. Ndipo jua huzama ziwani, likiwa jekundu kama kaa la moto.

Lakini wasomaji wajue kwamba katika maji haya mazuri mna adui. Zamani wageni waliambiwa kwamba Cape Maclear hakuna kichocho. Mwaka 1992 iligunduliwa kwamba Wamarekani waliooga hapo walikuwa wameambukizwa, na tena ugonjwa ulikuwa umefika katika uti wa mgongo na ubongo. Wataalamu walipotafuta sababu, waliona kwamba samaki walao konokono wamepungua sana ufuoni, maana watu walivua mno kwa nyavu za matundu madogo. Samaki walipopungua, konokono waliongezeka. Na kichocho hakiwezi kuendelea bila konokono.

Njia yake ni hii. Mtu mgonjwa akikojoa majini, mayai huanguliwa, na vijidudu vyake huingia katika konokono. Huko huongezeka, wakatoka kwa mamia, hasa wakati wa jua la mchana, wakapenya ngozi ya mtu aliye majini. Mtoto akikojoa damu, wengine hudhani ni jambo la kawaida la ukuaji. Sivyo! Kibofu huharibika polepole, na baada ya miaka mingi huweza kupata saratani.

Basi nyumba zetu zifanye nini? Wengi hushuka Kyela na Matema kwa biashara au kwa kuwasalimu ndugu, na vijana hawawezi kuyaona maji wasioge. Aliyeoga ziwani aende zahanati baada ya majuma sita au zaidi, akapimwe. Dawa iitwayo prazikwanteli huua minyoo hiyo. Kila nyumba iwe na choo, wala mtu asikojoe mtoni, maana mito yetu mingine nayo ina konokono. Walimu wawaeleze watoto mambo haya kwa picha ubaoni: mtu, yai, konokono, kijidudu, tena mtu. Halafu wachore samaki karibu na konokono, na kuwauliza darasani: Tukimwondoa huyu, itakuwaje? Watoto watajibu upesi, nao watakuwa wamejua kwa nini wavu wenye matundu madogo ni hasara ya kijiji kizima, hata kwa yule asiyekula samaki.