Taa za Ukungu Zataka Fyuzi

Gari lako kuukuu lashusha mboga za Mgeta, na kwa ajili ya ukungu wa Uluguru umeliongezea taa mbili. Je, waya wake una fyuzi? Fyuzi hailindi taa, hulinda waya. Waya ukichubuka kwa mtikisiko na kugusa bati, hupata moto mara moja, na gari laweza kuteketea pamoja na riziki ya nyumba.

Basi, fungua betri kwanza, kisha tia fyuzi shibiri moja tu kutoka betri. Taa mbili za wati 55 kwa volti 12 hula ampea 9 hivi: fyuzi ya 15 yatosha, waya ukiwa mnene wa kuhimili zaidi ya hizo. Ikikatika, tafuta kosa. Usiunge kwa kipande cha waya.