Je, Wajua? Kazi ya Muuguzi Mgonjwa Akishafariki

Daktari akishathibitisha kifo, muuguzi bado ana kazi, na muda wake si mrefu. Mwili huanza kukakamaa ndani ya saa 2 hadi 4 hivi, kope na taya zikitangulia. Penye joto huwahi zaidi. Kwa hiyo muuguzi humlaza marehemu chali mapema, humnyoosha mikono na miguu, humfumba macho na kumfunga kinywa. Meno ya bandia, kama yapo, hurudishwa kabla taya halijakaza. Kichwa huinuliwa kwa mto, kwa sababu moyo ukishasimama damu huteremkia sehemu za chini, na uso unaweza kubadilika rangi.

Mwili unapogeuzwa ili usafishwe, hewa iliyobaki mapafuni huweza kutoka kwa sauti, kama mtu anayeshusha pumzi. Muuguzi mgeni hushtuka. Ni hewa tu. Wapo wauguzi wanaoendelea kumwita marehemu kwa jina na kumweleza wanachomfanyia, na kwangu hiyo ni heshima kubwa kuliko shuka safi.

Marehemu akiwa Mwislamu, josho huachiwa jamaa zake. Muuguzi humstiri tu. Kifo kikihitaji uchunguzi wa polisi, mipira na sindano za dripu huachwa mwilini vilivyo. Kisha hufungwa lebo ya jina, safari ya mochwari ikifuata, ambako majokofu huwa kwenye nyuzijoto 4 hivi za Selsiasi. Jamaa wanaotaka kumwona kabla hajatolewa wodini wamwambie muuguzi mapema.